Kuanza Kazi ya Muziki na Sauti za Tamthilia za Televisheni: Mwongozo Kamili

Wengi wanaotaka kuingia kwenye kazi hii huanza na ndoto ya wimbo wa ufunguzi: jina lako linapita kwenye kioo na mdundo wako unasikika chini yake. Ni ndoto nzuri, usiiache. Lakini tamthilia ya televisheni, ukiifuatilia kwa masikio, ni watu wanaozungumza. Wanazungumza sebuleni, ndani ya gari, kwenye korido ya hospitali, kipindi baada ya kipindi, na mtazamaji anawasikiliza kupitia spika ndogo huku watoto wanacheza na mlango unagongwa. Anayejua kuyalinda maneno hayo hutafutwa. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye mazungumzo, hata kama nia yako ni kutunga muziki tu.

Nani anafanya nini

Siku ya kupiga picha kuna mrekodi wa sauti na mshika bumu, yule anayenyanyua maiki kwenye mti mrefu juu ya vichwa vya waigizaji. Hawa ndio wanaokusanya maneno. Picha zikishahaririwa na kufungwa, yaani hakuna kitakachosogezwa tena, kazi inahamia kwa wahariri wa sauti. Mmoja anasafisha na kuunganisha mazungumzo. Mwingine anaweka gari, mvua, simu na kelele za mtaani. Msanii wa foli anatengeneza nyayo, mchakacho wa nguo na vitu vinavyoshikwa, akivitenda mwenyewe huku anaangalia picha, kama Jack Foley alivyofanya katika studio za Universal tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Upande wa muziki yupo mtunzi, yupo mhariri wa muziki anayeukata na kuupanga kulingana na picha, na yupo msimamizi wa muziki anayetafuta nyimbo za wasanii wengine na vibali vyake. Mwisho kabisa vyote vinafika kwa mtu wa miksi, anayeamua nini kisikike zaidi na nini kishuke.

Kwenye uzalishaji mkubwa kila kazi ina mtu wake. Kwenye uzalishaji mdogo mtu mmoja anabeba tatu au nne, na hapo ndipo mlango wako ulipo. Ushauri wangu: ingia kupitia uhariri wa mazungumzo. Ni kazi isiyo na sifa nyingi, wachache wanaigombania, na kila kipindi kinaihitaji. Mtunzi aliyewahi kuhariri mazungumzo anajua mhusika anavuta pumzi wapi, na hilo linasikika kwenye muziki wake.

Vifaa vya kuanzia

Kompyuta inayoweza kucheza video bila kukwama, hedifoni nzuri za kufunika masikio, kadi ya sauti yenye ingizo mbili, maiki moja ya kondensa (aina nyepesi kunasa sauti ndogo, inayohitaji umeme), na programu ya kurekodi. Pro Tools ndiyo inayotawala studio nyingi za tamthilia, kwa hiyo siku moja utalazimika kuijua. Lakini unaweza kujifunzia Reaper, au DaVinci Resolve ambayo toleo lake la bure lina sehemu nzima ya sauti iitwayo Fairlight. Spika za studio zinaweza kusubiri. Spika mbaya, ile ya simu au ya televisheni ya zamani, itafute sasa hivi, kwa sababu kila miksi utakayofanya lazima ipitie hapo.

Usinunue maktaba kubwa za sauti za okestra mwanzoni. Jifunze kwanza kufanya mengi kwa ala moja.

Zoezi la kwanza: onyesho la dakika 2

Huhitaji kusubiri uitwe na mtu. Chukua marafiki wawili, simu ya kupigia picha na kinasa sauti. Andika onyesho fupi: dada amekuta barua iliyofichwa, kaka anaingia chumbani. Maneno machache, ukimya mwingi. Piga picha mara mbili, mara moja kamera ikimwangalia dada, mara ya pili kaka. Mara ya pili fungua dirisha, makusudi.

Sasa unganisha. Utasikia tatizo mara moja: kila picha inaporuka kutoka kwa dada kwenda kwa kaka, kelele za nje zinaruka nayo. Zinatokea, zinapotea, zinatokea. Mtazamaji hatajua kasoro ni nini, lakini ataacha kuamini kwamba wawili hawa wapo chumba kimoja.

Dawa yake ni hii. Weka maneno ya dada kwenye traki moja na ya kaka kwenye nyingine. Ongeza mwanzo na mwisho wa kila kipande ili mngurumo wa nje uanze taratibu kabla ya neno na ufifie taratibu baada yake. Chini ya vyote tandika sauti ya chumba, ule ukimya wa mahali hapo uliorekodiwa wakati hakuna anayeongea, uende moja kwa moja kutoka mwanzo wa onyesho hadi mwisho. Mngurumo mzito wa chini, wa magari au feni, upunguze kwa kichujio cha besi, karibu hezi 80 kwa wanaume wengi na juu zaidi kidogo kwa wanawake, ukiangalia usile uzito wa sauti ya msemaji. Programu za kuondoa kelele zitumie mwisho, na kwa mkono mwepesi. Ukizikaza, sauti ya mtu inakuwa kama inatoka ndani ya maji, na hilo linaudhi kuliko kelele yenyewe.

Kisha sikiliza herufi. Je, "s" inachoma? Je, "p" inapuliza maiki? Kuna neno limemezwa ambalo mwigizaji alilitamka vizuri kwenye jaribio lingine, yaani mara nyingine onyesho lilipopigwa? Nenda kalichukue huko. Wahariri wazoefu wanaazima hata silabi moja kutoka jaribio jingine, na mdomo ukaendana nayo. Ikishindikana ndipo mwigizaji anaitwa studio kurekodi upya: anasikia milio mitatu yenye nafasi sawa, anaanza kusema pale ambapo mlio wa nne ungekuwa.

Onyesho lenyewe likishakaa sawa, weka nyayo za kaka anapoingia, karatasi ya barua, kiti kinapovutwa. Rekodi hivi mwenyewe, maiki karibu. Utashangaa karatasi ilivyo na hisia: ikikunjwa polepole inasema jambo moja, ikikunjwa haraka inasema jingine. Fanya zoezi hili tena na onyesho la kwenye gari, kisha la nje, kisha la watu wanne wanaoongea kwa kuingiliana. Ukimaliza hayo manne kwa uangalifu, utakuwa umekutana na shida nyingi zitakazokusubiri kazini.

Namba ambazo hazina mjadala

Sauti ya televisheni inarekodiwa kwa kilohezi 48 na biti 24, wakati CD ya muziki ilikuwa 44.1 na 16. Anzisha kila mradi hivyo.

Uliza kasi ya fremu, yaani picha ngapi zinapita kila sekunde, kabla ya kugusa chochote: 23.976, 24, 25 au 29.97 kwa sekunde. Kukosea kati ya 23.976 na 24 kunaonekana kama jambo dogo, ila sauti na picha zinaachana kwa sekunde 3.6 ndani ya saa moja, na kwa kipindi cha dakika 45 ni sekunde 2.7. Jicho haliwezi kuvumilia hata robo ya hapo. Mapendekezo ya ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, yanasema mtu huanza kugundua sauti iliyotangulia picha kwa milisekunde 45, na iliyochelewa kwa 125. Kwa hiyo ukilazimika kukosea kidogo, sauti ichelewe, isitangulie.

Ukubwa wa sauti unapimwa kwa LUFS, kipimo kinachofuata jinsi sikio linavyosikia kwa wastani wa kipindi kizima. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya ulitoa kiwango cha R128 mwaka 2010: -23 LUFS, na kilele, yaani pale sauti inapopanda zaidi, kisichozidi desibeli -1. Marekani wanatumia -24, kilele -2. Netflix wanataka -27, ikipimwa kwa mazungumzo peke yake, na kilele -2. Hilo la mwisho linafaa kukumbukwa: kampuni kubwa kiasi hicho imeamua kwamba kipimo cha kipindi ni maneno ya wahusika. Kila anayekupa kazi ana karatasi ya masharti ya kiufundi. Iombe siku ya kwanza.

Ukipokea kazi kutoka kwa mhariri wa picha, omba faili la AAF, linalobeba vipande vyote vya sauti na mpangilio wake kutoka programu moja hadi nyingine, lenye ziada ya sekunde 2 au zaidi kila upande wa kila kipande, video yenye taimukodi (saa, dakika, sekunde na fremu) iliyoandikwa juu ya picha, faili asilia zote za siku ya kurekodi, na skripti. Kabla ya fremu ya kwanza, sekunde 2 kamili, kuwe na mlio wa fremu moja. Huo ndio utakaohakikisha sauti na picha zinaanza pamoja popote zitakapopelekwa.

Kwenye seti

Hata kama moyo wako uko studio, nenda ukashike bumu kwenye filamu fupi kadhaa. Utajifunza kwa nini mazungumzo yanakuja yakiwa yameharibika, na kuanzia hapo hutamlaumu mrekodi ovyo.

Jambo kubwa ni umbali. Maiki ikae karibu iwezekanavyo na mdomo, juu kidogo ya ukingo wa picha, ikielekea kifuani. Vinasa vya kisasa vya biti 32 vinakuokoa mtu anapopiga kelele ghafla, lakini haviwezi kuisogeza maiki iliyokuwa mbali. Maiki ndefu ya bunduki, ile nyembamba inayosikia zaidi mbele yake, inafaa nje. Ndani ya chumba kidogo chenye kuta tupu hunasa mwangwi na sauti inakuwa ya debe, kwa hiyo tumia maiki fupi ya haipakadioidi, nayo husikia zaidi mbele lakini hustahimili chumba vizuri zaidi. Maiki ya kubana kwenye nguo ifiche kifuani, kiganja kimoja hivi chini ya kidevu, na umwombe mwigizaji ageuke, ainame, akumbatie, ili usikie kama nguo inakwaruza.

Kabla watu hawajaondoka eneo, omba sauti ya chumba kwa sekunde 30 hadi dakika 1, taa na watu wote wakiwa mahali pao. Kuomba kimya kwa watu thelathini waliochoka kunahitaji ujasiri. Omba kwa heshima, kwa sauti inayosikika, na uombe kila mara. Jokofu na feni zizimwe wakati wa kupiga, na mtu mmoja ajue ni nani atakayeziwasha tena.

Muziki: wapi usianze

Picha ikifungwa, mtunzi anakaa na mwongozaji na kupitia kipindi chote kupanga muziki uingie wapi na utoke wapi. Nenda na daftari. Kwa kila kipande andika taimukodi ya kuanzia, ya kumalizia, na sentensi moja: muziki huu unajua nini ambacho mhusika hajakisema? Kama hakuna jibu, pengine pale hapahitaji muziki. Kumwambia mwongozaji hivyo, kwa upole na kwa sababu, kutakupa heshima kuliko mdundo wowote.

Rudi kwa dada na kaka. Dada anasema, "Ulijua tangu lini?" Kaka anakaa kimya sekunde 4, kisha anajibu, "Tangu mwanzo." Mwanagenzi huanza violini kwenye swali la dada, na ukimya wa kaka unakufa. Jaribu kuuacha ukimya huo kwa chumba peke yake. Jibu litoke likiwa tupu. Muziki uingie baada ya jibu, sekunde moja au mbili, dada anapoikunja barua, kwa noti moja ya chini inayoanza bila kusikika. Hapo muziki haumwambii mtazamaji ahisi nini. Unamkuta tayari anahisi.

Chini ya maneno, epuka ala zinazocheza noti nyingi kwenye eneo la kilohezi 1 hadi 4, kwa kuwa humo ndimo maneno yanamoelewekea. Noti ndefu, besi laini, au kitu cha juu sana na chepesi vinapita bila kugombana. Wimbo wenye maneno chini ya watu wanaoongea ni ugomvi wa wazi, na maneno ya wahusika ndiyo yatakayoumia.

Mdundo uupange kwa hesabu ya picha. Kwa mapigo 60 kwa dakika kila pigo ni sekunde moja. Kwa 120, kwenye fremu 24, kila pigo ni fremu 12 kamili. Ukitaka pigo litue mlango unapofungwa, badilisha kasi kidogo kidogo mpaka litue lenyewe, badala ya kukata muziki katikati ya sentensi yake.

Tamthilia ni ndefu, na hapa ndipo inapotofautiana na filamu. Utahitaji mawazo machache ya muziki, yaani tuni fupi, matano au sita, yatakayodumu msimu mzima. Wazo la mhusika liwe rahisi kiasi kwamba linaweza kupigwa polepole kwa ala moja, kuvunjwa nusu, au kusikika kwenye besi tu bila kupoteza sura yake. Usilimalize kipindi cha kwanza. Kama siri ya kaka itafichuka kipindi cha nane, noti zake nne ziwe zimeshapita masikioni mwa mtazamaji mara kadhaa bila yeye kuzitilia maanani.

Utakutana pia na muziki wa muda, ule ambao mhariri wa picha ameweka akisubiri wako. Watu wameusikia wiki nzima na wameuzoea. Usiunakili, maana kesi za hakimiliki huanzia hapo. Uliza wanaupendea nini: kasi, ala, au pale unaponyamaza? Mara nyingi jibu ni dogo kuliko ulivyodhani, na unaweza kulitimiza kwa njia yako.

Na usijenge ukuta kati ya muziki na sauti. Hildur Guðnadóttir, alipotunga muziki wa tamthilia ya Chernobyl ya mwaka 2019, aliingia kwenye kinu cha nyuklia kilichofungwa huko Lithuania akarekodi sauti za jengo lenyewe, na hizo ndizo alizozitengenezea muziki. Alipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, kwa kazi hiyo. Chombo chake kikubwa kilikuwa kusikiliza mahali.

Haki zako na za wengine

Kila wimbo una haki mbili: ya utunzi na ya rekodi. Kutumia wimbo wa mtu kwenye picha unahitaji vibali vyote viwili, na mara nyingi vinashikwa na watu tofauti. Mtunzi akiwa amefariki zamani, utunzi unaweza kuwa huru. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka angalau miaka 50 baada ya kifo, na nchi nyingi zimeweka 70. Rekodi mpya ya utunzi huo huo bado ina mwenyewe.

Kwa muziki wako, jiandikishe na chama cha hakimiliki cha nchi yako kabla kipindi cha kwanza hakijarushwa. Utapewa namba ya IPI, inayokutambulisha kama mtunzi kimataifa. Halafu, kwa kila kipindi, hakikisha orodha ya vipande vya muziki inajazwa: jina la kipande, muda wake, ni cha ufunguzi au cha usuli au kinachopigwa na wahusika kwenye picha, mtunzi, chama chake, namba yake, na asilimia ya kila mmoja. Mirabaha ya kurushwa hewani hufuata karatasi hiyo. Isipopelekwa, kipindi kitarudiwa mara mia nawe usipate kitu. Wazalishaji wadogo huisahau, kwa hiyo ijaze mwenyewe na uipeleke ikiwa kamili.

Soma mkataba mpaka mwisho. Tazama nani atamiliki rekodi, nani atapata fungu la mchapishaji, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, na jina lako litaandikwaje. Kuuza rekodi ni kawaida. Fungu lako la mwandishi, yaani sehemu ya mirabaha inayomwendea mtunzi, usiliuze hata ukiwa na njaa ya kazi.

Kupata kazi ya kwanza

Tengeneza mfano wa kazi usiozidi dakika 3. Kwa sauti, onyesha onyesho lilivyokuwa na lilivyo sasa, yakifuatana. Kwa muziki, chukua onyesho moja ulitungie njia mbili zinazogombana, ili watu wasikie unavyofikiri. Tumia picha ulizopiga mwenyewe au ulizopewa ruhusa.

Kisha tafuta wahariri wa picha. Watu huwakimbilia waongozaji na prodyuza, lakini mhariri ndiye anayekaa na onyesho usiku na mchana, ndiye anayeweka muziki wa muda, na ndiye anayeulizwa "unamjua mtu wa sauti?" Wanafunzi wa filamu wa leo ni waongozaji wa tamthilia baada ya miaka michache, kwa hiyo kua pamoja nao. Milango ya pembeni pia ipo: Michael Giacchino alikuwa mtunzi wa michezo ya kompyuta, na kupitia kazi hiyo akaitwa kwenye tamthilia za J.J. Abrams, mtayarishaji na mwongozaji wa Marekani.

Kazi ya bure ikubali pale tu unapojifunza jambo jipya, kuna tarehe ya mwisho, na umepewa ruhusa ya maandishi kuionyesha. Baada ya hapo toza, kwa kipindi au kwa dakika iliyokamilika, na uandike marekebisho ni mangapi.

Linda masikio. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka mwisho wa desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Kwenye chumba kidogo watu wa miksi hufanya kazi kati ya 76 na 82, bila kugusa kitasa cha kupandisha au kushusha sauti, ili sikio lipate kipimo cha kudumu.

Siku ya kukabidhi, toa miksi kamili pamoja na mafungu yake yakiwa yametengana: mazungumzo, muziki, athari. Toa pia muziki na athari bila mazungumzo, zikiwa kamili na nyayo zote, ili kipindi kiweze kuingizwa lugha nyingine bila kukuita tena. Hifadhi nakala 3, kwenye vyombo 2 tofauti, 1 iwe nje ya jengo unalofanyia kazi. Taja majina ya faili kwa namba ya kipindi, toleo na tarehe. Kisha, kabla hujafunga mradi, kitazame kipindi chote kwenye ile spika mbaya, sauti ikiwa chini, ukiwa umesimama mbali kidogo, na uandike kila neno ambalo hukulisikia. Rudi ukayarekebishe hayo, ndipo utume ankara.